Mazoezi ya alfajiri huanza usiku

Mtu akinilalamikia kwamba kila akipanga kuamka afanye mazoezi anashindwa, humuuliza kwanza jana yake alilala saa ngapi. Mara nyingi jibu liko hapo: ugali saa 4 usiku, simu mkononi mpaka saa 6, kisha kengele ya saa 11 alfajiri ikazimwa kwa kidole kimoja.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Wa kuamka saa 11 lazima saa 4 usiku awe amelala, si awe ndiyo kwanza anatafuta shuka. Wakimbiaji walioko kambini Kaptagat, alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kwa miaka mingi, hulala mapema, karibu saa 3, na mchana hujinyoosha tena. Wanaowahusudu huiga kilomita zao. Usingizi wao hauigwi na mtu.

Kahawa nayo ina lake. Nusu ya kafeini yake huweza kuwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni kinakusubiri kitandani. Chai ya rangi ina kafeini pia, ingawa kidogo zaidi.

Kazi nyingine ya usiku ni kuamua. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. “Kesho nitafanya mazoezi” haina pa kushika. “Nikishaswali alfajiri navaa raba, natembea haraka hadi sokoni na kurudi” inayo. Raba ziwe mlangoni, soksi ndani yake. Alfajiri akili bado ni nzito, isipewe maswali.

Sisi wa karibu na Ikweta tumebahatika: Dar es Salaam au Nairobi, saa ya kuchomoza jua haibadiliki hata kwa saa moja nzima mwaka mzima. London, mwezi Desemba, giza huendelea hadi saa 2 asubuhi.

Kiasi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kiasi, na siku 2 za kuimarisha misuli. Pushapu na kuchuchumaa vinatosha kuanzia. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo, hivyo mwendo wa haraka hadi kituo cha daladala unahesabika. Anayetoka nyumbani kabla ya jua afanye jioni bila wasiwasi, kwani wakati huo mwili umeshapata joto na nguvu huwa zaidi. Asimalize tu mazoezi makali saa moja ya mwisho kabla ya kulala.

Na asitarajie kuzoea ndani ya wiki 3. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96: wastani wa kuzoea jambo jipya ulikuwa siku 66, wengine 18, wengine walikadiriwa kufika 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mvua ikikunyima Jumatano, Alhamisi toka saa ile ile, mwendo ule ule, bila kufidia.