Scarlatti Upande Mmoja wa Santuri

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Unguja wakaenda Bombay kutia sauti zao kwenye santuri, zile zenye picha ya mbwa aliyetega sikio kwenye bomba. Mwaka uliofuata, mjini Budapest, mtunzi Béla Bartók aliketi mbele ya piano na kurekodi sonata nne za Domenico Scarlatti, kwa kampuni ileile ya mbwa. Siti na Bartók hawakuwahi kuonana, lakini wote wawili walibanwa na jambo moja. Upande mmoja wa santuri ya kawaida, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu za muziki. Ile kubwa ya inchi 12 ilibeba nne na ushei. Wimbo wa taarabu ambao ukumbini ungeweza kuvutwa mpaka watu washibe, kwenye santuri ulitakiwa uishe kabla sindano haijafika katikati.

Mimi ni mpigaji wa kanuni, na taarabu ndiyo iliyonilea. Hata hivyo, hakuna muziki wa nje ninaousikiliza mara nyingi kama sonata za Scarlatti, tena zikipigwa kwa piano, tena na watu wa zamani. Wenye elimu ya muziki wa kale huniambia ningesikiliza hapsikodi, kwa kuwa ndicho kinanda kilichotungiwa sonata hizo. Hoja yao naijua na ninaiheshimu. Lakini katika santuri zile zenye mikwaruzo nasikia kitu ambacho rekodi safi za leo hazinipi kila siku: mtu aliyepewa dakika nne na kinanda ambacho muziki huu haukukitarajia, akalazimika kuamua nini kibaki na nini kiachwe.

Scarlatti alizaliwa Naples mwaka 1685, mwaka mmoja na Bach na Handel. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtunzi mashuhuri wa opera, na ilionekana kijana atafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1719 alikwenda Lisbon kumtumikia Mfalme João V wa Ureno, mfalme yule ambaye askari wake waliirudia Mombasa mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka uliofuata. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumfundisha kinanda binti wa mfalme, Maria Bárbara. Mwaka 1729 binti huyo aliolewa na mrithi wa kiti cha Hispania, na mwalimu akamfuata, kwanza Seville, kisha Madrid. Huko aliishi mpaka alipofariki mwaka 1757. Mwanafunzi wake akawa malkia, na mwalimu akaendelea kumtungia. Sonata zinazojulikana leo ni 555. Nyingi zimebaki katika vitabu vilivyonakiliwa kwa ajili ya malkia huyo, na vitabu 15 kati ya hivyo viko Venice. Hati ya sonata hizo kwa mkono wa Scarlatti mwenyewe haikupatikana hata moja.

Sasa tuje kwenye vinanda, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Hapsikodi hukwanyua uzi. Ukibonyeza, kipande kidogo cha unyoya ndani ya kinanda huuinua uzi na kuuachia, na hata ubonyeze kwa nguvu gani, sauti haiongezeki. Piano hupiga uzi kwa nyundo iliyovikwa namda, na mkono ndio unaoamua kama sauti itanong'ona au itanguruma. Kanuni yangu iko kati ya viwili hivyo: nyuzi zake, zaidi ya 70, hukwanyuliwa kwa risha kama zile za hapsikodi, lakini mkono unaweza kuzibembeleza au kuzikemea kama afanyavyo mpiga piano. Labda ndiyo maana sikuwahi kuona kosa la kupiga Scarlatti kwa piano. Na kuna ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa: piano ilibuniwa Florence karibu na mwaka 1700 na Bartolomeo Cristofori, na orodha ya mali ya Maria Bárbara inaonyesha kwamba miongoni mwa vinanda vyake 12 kulikuwa na piano tano za Florence, ingawa mbili zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Scarlatti, kwa hiyo, aliijua piano. Aliipenda kiasi gani ni jambo jingine.

Sonata yake ina nusu mbili, na kila nusu imeandikwa irudiwe. Sisi tunaopiga bashraf, zile tungo za ala zisizo na maneno, tunalielewa hilo bila kufundishwa: kipande kikirudi, mpigaji hupata nafasi ya kukipamba, na msikilizaji hupata nafasi ya kukishika. Santuri ikaja na dakika zake chache. Mpigaji alikuwa na njia mbili au tatu tu: aache marudio yote, arudie nusu moja, au achague sonata fupi. Wengi waliacha marudio. Lakini muziki huu ulistahimili msumeno huo kuliko mingine. Sonata ndefu za watunzi wa baadaye zilikatwa vipande vinne au vitano, msikilizaji akiinuka kugeuza santuri katikati ya wazo. Ya Scarlatti iliingia nzima upande mmoja, na mwanzo na mwisho wake vikasikika kwa mkao mmoja. Nadhani hilo lilimsaidia kupata wasikilizaji zaidi ya maandishi yote ya wanazuoni.

Miongoni mwa wa kwanza kabisa kumrekodi alikuwa Mfaransa Raoul Pugno, mjini Paris, mwaka 1903. Wakati huo hakukuwa na maikrofoni. Piano iliwekwa mbele ya pembe kubwa ya bati, na mtetemo wa sauti ndio uliosukuma sindano ichonge nta. Santuri za Pugno zinayumba, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayetembea juu ya ngalawa. Vidole, hata hivyo, vinasikika: vyepesi, vya haraka, bila uzito wowote. Nikizisikiliza huwa nakumbuka kwamba mtu huyu alizaliwa mwaka 1852.

Wapiga piano wa rika lake walimpata Scarlatti kupitia mikono ya watu wengine. Carl Tausig, mwanafunzi wa Liszt, alikuwa amechukua sonata mbili, akaihamisha daraja mojawapo na kuzinenepesha zote mbili, nazo zikawa maarufu kuliko zenyewe zilivyoandikwa. Kisha, kati ya 1906 na 1910, Alessandro Longo wa Naples alichapisha karibu sonata zote. Alifanya kazi kubwa, na herufi L unayoiona kwenye santuri za zamani ni namba yake. Lakini Longo alikuwa na tabia ya kusahihisha. Katika sonata kama K.119 (herufi K nitaifikia baadaye), Scarlatti anarundika noti zinazogombana, mkono mzima ukishuka kwa pamoja, kama gitaa la Hispania linapochapwa kwa kucha. Longo alipokutana na noti za namna hiyo aliona zimekosewa, akazilainisha. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Zile noti zinazogombana ndizo zinazonifanya mimi, niliyelelewa na maqamu ya hijazi, nijisikie nyumbani.

Bartók alikuwa na sikio la kuzielewa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa amezunguka vijijini Hungaria na Romania akirekodi nyimbo za wakulima, na mwaka 1913 alifika Biskra, Algeria, akakusanya muziki wa Waarabu wa huko. Katika sonata zake nne za 1929 hakuna urembo wa sebuleni. Mdundo uko wazi, mkono wa kushoto unazungumza kwa sauti sawa na wa kulia, na anapofika mwisho wa sentensi hasiti kukaza au kulegeza mwendo kidogo, kama mtu anayehadithia.

Wanda Landowska hakupiga piano katika rekodi zake za Scarlatti, alipiga hapsikodi, lakini siwezi kumwacha. Alirekodi mafungu mawili ya sonata hizi mjini Paris, la mwisho mwaka 1940. Katika sonata moja ya D, namba K.490, milio ya mizinga ya kutungulia ndege inasikika nyuma ya nyuzi. Hakuacha kupiga. Miezi michache baadaye ilimbidi akimbie, akiacha nyumba na maktaba yake, ambayo Wanazi waliipora.

Ninayemrudia zaidi ni Dinu Lipatti. Mromania huyu alirekodi sonata mbili tu za Scarlatti mjini London mwaka 1947: K.9 ya D ndogo na K.380 ya E kubwa. Alifariki Desemba 1950 kwa saratani ya tezi za limfu, akiwa na miaka 33. Katika K.9 anaipiga ilivyoandikwa, akiachana na mavazi ambayo Tausig aliivika sonata hiyo, na sauti ya juu inaimba bila kusukumwa. Lakini K.380 ndiyo inayonishangaza. Sonata hiyo inaanza kwa miito midogo, kisha unakuja mdundo unaofanana na baragumu na ngoma za msafara. Wapigaji wengi huuongeza nguvu msafara unapokaribia. Lipatti hauongezi. Anaacha kila mlio ukae mahali pake, na kanyagio la kulia, lile linaloacha nyuzi zilie bila kuzimwa, analigusa kidogo sana. Mpiga kanuni anajua ugumu wa jambo hilo: nyuzi zetu hazina kizuizi, zinalia mpaka zichoke, na kazi yetu kubwa ni kuzinyamazisha kwa kiganja. Lipatti anazizima nyuzi kwa wakati, lakini muziki haukauki.

Rafiki yake Clara Haskil, naye mzaliwa wa Bucharest, alirekodi sonata 11 mwaka 1950. Santuri ndefu ilikuwa imeingia sokoni Marekani miaka miwili kabla, na upande mmoja sasa ulibeba zaidi ya dakika 20, kwa hiyo shinikizo la saa lilikuwa limekwisha. Haskil alikuwa amepinda mgongo tangu ujanani, amewahi kuvaa plasta kwa miaka, na wakati wa vita alipasuliwa uvimbe uliokuwa ukiigusa neva ya jicho. Sipendi kutafuta ugonjwa wa mtu ndani ya muziki wake. Ninachosikia katika K.247 ya C-shapu ndogo ni mikono inayoaminiana: kauli ya mmoja inaokotwa na mwingine, bila pengo na bila haraka, na huzuni yake haiombi kuonewa huruma.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja kuhusu piano zenyewe linalotuhusu watu wa pwani. Vibonyezo vyeupe vya piano za zamani vilivikwa pembe ya ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja. Wapagazi walizibeba kutoka bara, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo; zikavushwa, zikauzwa, zikapakiwa. Huko Connecticut, Marekani, mji mmoja ulipewa jina la Ivoryton kwa sababu ya viwanda vya kuzipasua ziwe vibao vyembamba vya piano. Watu walikufa njiani, na ndovu wasiohesabika wakaangamia. Nawaeleza wanafunzi wangu jambo hili kabla hawajaigusa piano ya zamani, kwa kuwa uzuri wa sauti haufuti deni hilo.

Mwaka 1953 Mmarekani Ralph Kirkpatrick alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Scarlatti. Wakati wa utafiti alifungua kitabu cha simu cha Madrid, akatafuta jina la Scarlatti, na akawapata wajukuu wa ukoo huo wakiwa hai mjini. Yeye ndiye aliyezipanga sonata upya, na herufi K ni yake. Mpiga piano Vladimir Horowitz alipokuwa akiandaa santuri yake ya sonata 12, iliyotoka mwaka 1964, alitafuta ushauri wake. Horowitz alikuwa amejiondoa jukwaani tangu 1953, na katika santuri hiyo unamsikia mtu aliyekaa na muziki huu faraghani muda mrefu. Kila noti inayorudi imepakwa rangi nyingine: huku filimbi, kule gitaa, pale mlio wa mbali kama unatoka chumba cha pili. Hapsikodi haiwezi kufanya hivyo, naye hajaribu kuiga hapsikodi.

Kati ya rekodi za Horowitz kuna mbili za kusikilizwa pamoja, zote za K.87 ya B ndogo. Moja ni ya 1935. Nyingine ni ya Moscow, Aprili 1986, aliporejea nchi aliyoihama miaka 61 nyuma na kulifungua tamasha kwa sonata hiyo, yenye sauti nne zinazosokotana polepole. Zinapatikana kwenye intaneti, pamoja na za Lipatti, Haskil na Bartók. Mikwaruzo isikutishe, baada ya dakika moja sikio huiacha nyuma.

Darasani huwapigia vijana K.380 ya Lipatti, halafu ya Horowitz, bila kuwaambia nani ni nani. Wengi humchagua Horowitz, wakisema msafara wake wanauona kwa macho. Mimi nabaki na Lipatti, na tunabishana mpaka muda wa darasa unakwisha.