Makala, Maji na Mafuta: Nishati Jadidifu na Isiyojadidifu katika Katanga

Neno makala lina maana mbili zisizokutana. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, makala ni maandishi ya gazeti au ya jarida, kama haya yenyewe. Kwa mkaaji wa Lubumbashi, makala ni kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita makaa, yaani kuni zilizochomwa chini ya udongo hata zikawa nyeusi na nyepesi, zikatiwa katika magunia na kuuzwa kandokando ya barabara. Hapa yatazungumzwa hasa makala ya namna ya pili, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha vizuri ugumu uliomo katika mgawanyo ambao vitabu vya shule huueleza kwa urahisi mno: nishati jadidifu upande huu, nishati isiyojadidifu upande ule.

Istilahi jadidifu, iliyoenea kutoka Tanzania, ina asili ya Kiarabu na inahusu jambo lililofanywa kuwa jipya. Nishati jadidifu, basi, ni ile ambayo chanzo chake hujirudisha: maji ya mto huteremka mpaka baharini, jua huyapandisha tena yakawa mawingu, mvua huyarejesha milimani. Nishati isiyojadidifu ni ile ambayo ikishachimbwa na kuchomwa haipo tena. Ndiyo mafuta ya petroli, makaa ya mawe, gesi ya ardhini na urani. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaficha neno moja muhimu, nalo ni muda. Makaa ya mawe ya Luena, kusini-mashariki mwa Kamina, nayo yalikuwa mimea mibichi, iliyozikwa katika matope zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Makala yanayowaka katika mbabula jioni yalikuwa mti uliosimama mwezi uliopita. Vitu hivi viwili ni ndugu kwa asili. Kinachovitenga ni urefu wa safari kati ya jani na moto. Kwa hiyo swali la kuulizwa juu ya chanzo chochote cha nishati ni hili: je, kinarudi upesi kuliko kinavyotumiwa?

Katanga, iliyogawanywa kuwa majimbo manne mwaka wa 2015, imepata kujibu swali hilo kwa njia mbili zinazopingana. Tanuru la kwanza la shaba mjini Lubumbashi, lililoanza kuyeyusha mwaka wa 1911, lilitegemea makaa ya mawe yaliyoletwa kwa reli kutoka Wankie, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Gharama ya kuyasafirisha ilikuwa kubwa, na kampuni ya Union Minière ikageukia mito. Mwaka wa 1930 kituo cha Mwadingusha kilianza kutoa umeme kwenye maporomoko ya Lufira. Nyuma ya bwawa lake likazaliwa ziwa Tshangalele. Vikafuata Koni kwenye mto uleule, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, vyote katika miaka ya 1950. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waya kutoka Inga uliwasili karibu na Kolwezi baada ya kusafiri kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja.

Maana yake ni kwamba viwanda vya shaba vya Katanga vimekuwa vikitumia nishati jadidifu kwa karibu miaka 100, tangu kabla ya istilahi yenyewe kubuniwa. Lakini jikoni mwa wafanyakazi wa viwanda hivyo palibaki kuni na makala, na hali ni hiyo hata leo. Kwa nchi nzima, ni mtu mmoja tu hivi kati ya watano anayepata umeme, ingawa nguvu ya maji inayoweza kuvunwa Kongo inakadiriwa kufikia megawati 100,000. Hata mwenye waya nyumbani huweka gunia la makala nyuma ya mlango, kwa sababu umeme hukatika saa ya kupika bukari.

Takwimu za mataifa huyahesabu makala miongoni mwa nishati jadidifu, kwa kuwa mti huota tena. Hesabu hiyo yafaa kuchunguzwa. Mchomaji hukata miti ya miombo, hasa ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiunguza polepole kwa siku nyingi huku akizuia hewa. Katika tanuru la namna hiyo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za makala. Ingawa kilo moja ya makala ina joto maradufu ya kilo moja ya kuni, zaidi ya nusu ya joto lililokuwamo katika mti limekwisha kupotea porini kabla gunia halijafungwa. Kwa upande mwingine, pori lililokatwa huhitaji miongo miwili au mitatu ili litoe tena miti inayofaa kuchomwa. Mji wenye watu zaidi ya milioni mbili hauwezi kungoja. Mchomaji husogea mbele, lori humfuata, na umbali kati ya tanuru na soko huzidi kurefuka. Tena nyuma ya mchomaji huja mkulima, ambaye hulima mahindi penye visiki, na pori halipewi nafasi ya kurudi. Makala ya Lubumbashi yanachimbwa, kama yanavyochimbwa madini, ila shimo lake halionekani kwa kuwa limetandazwa juu ya ardhi.

Haifai, hata hivyo, kumtwika mchomaji lawama yote. Makala hayana bili wala mita. Hununuliwa kwa kopo na mama mwenye pesa ya siku moja, jambo ambalo umeme haujaliweza.

Maji nayo yana masharti yake. Mto Kongo huko Inga ni wa pekee: kwa kuwa matawi yake yako pande zote mbili za ikweta, mvua ikikoma kusini huwa inanyesha kaskazini, na wastani wa mita za ujazo 40,000 kwa sekunde haupungui sana mwaka mzima. Lufira na Lualaba ya juu hazina bahati hiyo, maana hulishwa na msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba mpaka Machi au Aprili. Ukame uliolikumba eneo la Zambezi mwaka wa 2024 ulishusha maji ya Kariba kiasi kwamba wakazi wa miji ya Zambia, iliyo jirani kabisa, walikaa bila umeme sehemu kubwa ya siku. Tena pori linapokatwa kandokando ya mito, mvua hubeba udongo mpaka bwawani, na nafasi ya maji hupungua mwaka kwa mwaka. Hapo chanzo kimoja kinachoitwa jadidifu kinakula kingine.

Mafuta ya petroli yana sifa moja ambayo mto hauna: hungoja. Pipa likiwekwa ghalani haliathiriwi na ukame wala usiku, na ndiyo sababu hospitali nyingi zina jenereta ya dizeli. Kongo huchimba petroli kwenye pwani ya Moanda tangu mwaka wa 1975, lakini Katanga huagiza dizeli yake kutoka nje, kwa malori yanayopitia Kasumbalesa. Moshi wake huongeza joto la dunia, na kisima kilichokauka hakijazwi na mvua yoyote.

Kuna pia chanzo kinachokaa mpakani mwa makundi haya mawili. Ndani ya maji ya chini ya ziwa Kivu mmehifadhiwa takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya metani, pamoja na nyingi zaidi ya kaboni. Vijidudu vingali vikiitengeneza metani hiyo, hivyo inajirudisha, lakini polepole. Rwanda imekuwa ikiibadili kuwa umeme huko Kibuye tangu miaka ya 2015 na 2016. Ikivutwa kwa kiasi ni jadidifu. Ikivutwa kwa pupa ni mgodi. Hapa pana faida ya ziada, kwani kuiacha gesi ikijilimbikiza ni hatari: ziwa Nyos la Kamerun lilipotoa kaboni yake ghafla mwaka wa 1986, watu wapatao 1,700 walikufa.

Jua ndilo lisilopunguzwa na mtumiaji. Hata hivyo, mwanga wake hauhifadhiki bila betri, na betri nyingi zinahitaji kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia nzima hutoka Kolwezi na pande zake. Madini hayo hayajirudishi, ingawa yanaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena, tofauti na petroli. Wanaonunua betri hizo Ulaya huiita nishati yao safi.

Kwa Lubumbashi, kilicho karibu zaidi na uwezo wa watu si kuyapiga makala marufuku. Ni umeme usiokatika saa za kupika, mbabula zinazobana moto, na mzunguko wa kukata unaolipa kila pori miaka yake. Miti ya miombo iko tayari kwa makubaliano hayo. Kisiki cha Julbernardia kilichokatwa kwa shoka hutoa machipukizi mvua zinaporudi. Kilichong'olewa ili kupisha shamba hakitoi kitu.