Moto Kichaa: Rekodi za Dunia na Moto Unaorudi Mnero Kila Mwaka

Huku Mnero, katika nchi iliyo kati ya Nachingwea na Ruangwa, mvua hukatika kuelekea Mei, na kuanzia hapo hadi Novemba kunyesha ni bahati. Nyasi zilizompita mtu kimo hukaukia zikiwa zimesimama. Miyombo hupukutisha majani. Ikifika Agosti, usiku unaona mstari mwekundu ukitambaa mlimani, na asubuhi majivu yameanguka juu ya mahindi yaliyoanikwa. Huo ndio moto kichaa. Hauna jina wala tarehe katika orodha za mioto mikubwa ya dunia, lakini ukiujumlisha na wenzake wa Msumbiji, Zambia, Angola na Kongo, ndio unaoliweka bara letu mbele ya mabara yote: takriban asilimia 70 ya eneo linaloungua duniani kwa mwaka liko Afrika. Septemba, ramani ya setilaiti ya nchi zilizo kusini mwa Ikweta hujaa vidoa vyekundu.

Mioto inayotajwa sana ni ya kwingine. Ulioua watu wengi kuliko wote unaofahamika ni wa Peshtigo, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, tarehe 8 Oktoba 1871. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Chanzo chake kingeeleweka haraka na mzee yeyote wa Mnero: kiangazi kirefu, wakulima wanachoma visiki kuandaa mashamba, wajenzi wa reli wanachoma vichaka, kisha upepo mkali ukaviunganisha vimoto vyote kuwa kimoja. Australia wanaikumbuka Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009, watu 173 walipopoteza maisha jimboni Victoria. Kwa ukubwa wa eneo, Kanada ilivunja rekodi yake yenyewe mwaka 2023, zikaungua hekta milioni 15 hivi.

Hapa Tanzania, moto uliotangazwa sana miaka ya karibuni ni wa Kilimanjaro, ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 na kuteketeza takriban kilomita za mraba 95 za hifadhi. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wakiwa na mapanga na matawi mabichi. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena. Dunia nzima iliona picha, kwa sababu Kilimanjaro ni Kilimanjaro.

Mikorosho ya Mnero haipigwi picha. Na nionavyo mimi, hasara yake ni nzito kuliko inavyohesabiwa. Mkorosho hutoa maua katika miezi ileile ambayo moto hutembea. Mkulima ameshapulizia salfa, amesubiri maua yageuke matunda, halafu mtu wa upande wa pili wa bonde anawasha kichaka ili apate panya au ndezi, au mrina asali anaacha kijinga chini ya mti. Chini ya mkorosho usiopaliliwa kuna zulia la majani makavu. Moto ukifika hapo unanguruma, matawi ya chini yanababuka, na maua yanageuka rangi ya tumbaku kwa dakika chache. Mti unaweza kubaki hai. Msimu wa mwaka huo umekwenda, na ada ya shule imekwenda nao.

Kwa mpingo hasara huchelewa kuonekana. Mti huu huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa. Moto ukiujeruhi mara kwa mara, moyo wake unaoza, na gogo lenye tundu katikati halimfai mchonga vinyago wala mtengeneza zumari.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila kamati ya mazingira ya kijiji ilijue. Lilianza miaka ya 1930 huko Ndola, Zambia, kwenye miyombo kama hii yetu. Vipande vya msitu vilitengwa: kimoja kichomwe kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine kila mwaka mwishoni, kingine kisichomwe kabisa. Kilichochomwa mwishoni kiligeuka kuwa nyika ya nyasi, miti ikaisha. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Sababu yake utaiona kwa macho ukienda porini Juni: nyasi bado zina ubichi shinani, moto unapita chini chini, na umande wa usiku unauzima. Septemba hakuna umande, kila kitu ni kuni.

Vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, vimeutumia uchomaji wa mapema kulinda misitu yao. Kilwa ni mkoa mmoja na sisi, Lindi. Hakuna sababu ya Nachingwea na Ruangwa kubaki nyuma.

Kwa hiyo ndugu mkulima, kabla Juni haijaisha, palilia chini ya mikorosho, fyeka barabara ya moto kuzunguka shamba, na ukitaka kuchoma, omba kibali serikali ya kijiji na uwaarifu majirani wa pande zote. Ukiuwasha, usiondoke mpaka uzime kabisa.