Skrini Mbili kwa Kifua Kimoja

Mgonjwa wa Ntobeye, wilayani Ngara, akipigwa picha ya kifua, huenda asionane kamwe na daktari bingwa atakayeisoma. Picha ikiwa imehifadhiwa katika kompyuta ya hospitali, bingwa aliye Mwanza aweza kuifungua kompyuta hiyo kutoka mbali. Lakini mwenye skrini moja hulazimika kuifunika picha ya zamani ili aione mpya, na kovu la kifua kikuu kilichokwisha kupona laweza kudhaniwa ugonjwa mpya. Skrini mbili huziweka picha sambamba, ya mwaka jana na ya leo.

Programu ya Windows ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali hukubali hadi skrini 16, ila chaguo la kutumia skrini zote huwekwa kabla ya kuunganisha, ndilo linalosahauliwa. Mtandao ukiwa dhaifu, ubora wa picha hupunguzwa ili ipite, na kivuli kidogo cha pafu chaweza kupotea hapo. Picha yenye shaka na itumwe faili lake kamili. Mgonjwa naye aitunze filamu yake ya zamani, aende nayo kila anapopimwa.