Nakala Mama Imo Kabatini

Muziki wa dansi uliotamba Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 ulihifadhiwa kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na udhaifu wake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwenye mikanda ya sumaku, ikaipiga hewani na kuiweka katika maktaba yake. Santuri za kuuzwa madukani zilikuwa na safari nyingine. Zilichapwa Nairobi, maana viwanda vilikuwa huko, na bendi za Tanzania zilivuka mpaka kwenda kurekodi. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz zilimfikia mnunuzi wa Kariakoo kwa mzunguko huo. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mzunguko ule ukakatika. Lebo nyingi zilizotoa sahani hizo hazipo tena, na sahani zilizokwisha kununuliwa zikabaki mikononi mwa wanunuzi. Ndiyo maana naamini kwamba familia yenye bunda la santuri kabatini, pale Kunduchi au Mbagala, haina kumbukumbu ya babu peke yake. Huenda imeshika ushahidi bora uliosalia wa wimbo fulani, na inapouhamishia kwenye kompyuta inapaswa kuutunza kama ushahidi.

Anayeona haya ni maneno makubwa kwa sahani kuukuu amtazame mwimbaji Siti binti Saad. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sauti yake ikachapwa kwenye sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Leo tunamsikia kwa sababu baadhi ya sahani hizo zilipona. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilipotoa mkusanyo wa muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, kazi ilianzia kwenye sahani zilizotunzwa London, katika British Library. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetoka tu kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Kwa hiyo sahani iliyochoka si lazima iwe kivuli cha kitu bora kilichofungiwa mahali pengine. Mara nyingi ndiyo yenyewe, na wenye studio za Ulaya wameitafuta kwa bidii kuliko sisi tunaokaa nayo.

Na tunakaa nayo mahali pabaya. Tangu mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ufungue maeneo kama Mbweni, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, na Kibada na Gezaulole upande wa Kigamboni, watu wengi wamehama katikati ya jiji, na wanaohama huhama na makabati yao. Kunduchi ina upepo wa bahari wenye chumvi na unyevu, ina vumbi la machimbo ya kokoto ya Mtongani, na Wazo Hill na kiwanda chake cha saruji haiko mbali. Unyevu huotesha ukungu kwenye jalada la karatasi, na kutoka hapo ukungu huhamia kwenye mifereji ya sahani. Mchwa wanajulikana. Vumbi la mawe ni gumu kuliko plastiki, basi kila sindano inapopita juu yake hukwangua. Sahani ikisimamishwa dirishani kwenye jua la mchana hupinda, na kuinyoosha bila kuiharibu ni kazi ngumu. Kusubiri nako kuna gharama.

Vifaa si vingi, ila kila kimoja kina sababu yake. Cha kwanza ni sindano. Radiogramu nyingi za zamani zina kichwa kizito kinachoikandamiza sahani. Zilifaa zama zake, lakini kwa kazi hii ni heri kuazima au kununua mashine ya santuri yenye mkono mwepesi na sindano mpya. Sahani za mizunguko 78 zinataka sindano yao, kwa sababu mfereji wake ni mpana takriban mara tatu kuliko wa santuri ndogo. Sindano ya kawaida huzama hadi chini, ikakusanya takataka na kuuacha muziki kando. Kisha kuna kikuza sauti cha awali. Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu za volti moja, na zaidi ya hapo sauti iliyochongwa kwenye santuri imebadilishwa makusudi: besi imepunguzwa ili mifereji isigongane, na sauti nyembamba imeongezwa ili ishinde mikwaruzo. Kanuni hiyo ilikubalika Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani, na kikuza sauti cha santuri kazi yake ni kurudisha kila kitu mahali pake. Anayechomeka waya wa mashine moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la laptopu hupata sauti kavu isiyo na besi, akailaumu sahani bure. Tundu lile, tena, mara nyingi hupokea upande mmoja tu wa stirio. Kifaa kidogo cha nje cha kuingizia sauti kupitia USB huondoa tatizo hilo, na programu ya kurekodia ipo bila malipo: Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, inatosha kabisa.

Sahani ioshwe kabla ya kuguswa na sindano. Maji ya bomba huacha chumvi yakikauka, na ya kisima cha pwani ni mabaya zaidi. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ilimradi ni maji safi na siyo asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifereji. Spiriti isikaribie sahani za mizunguko 78, kwani huyeyusha utomvu uliotengenezea nyingi kati yake. Baada ya hapo mwendo upimwe. Mashine ikizidi kasi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hupanda nusu toni, na mpiga gitaa anayejifunza kwa nakala hiyo atajifunza ufunguo usiokuwepo. Mashine nyingine hutegemea mapigo ya umeme kuweka mwendo, hivyo isirekodiwe sahani kwa jenereta ya nyumbani. Laptopu ichomolewe chaja wakati wa kurekodi. Mvumo unaowasumbua wengi mara nyingi hupitia humo.

Hapa ndipo naachana na ushauri wa wengi. Mtu akishapata sauti kwenye kompyuta, hamu ya kwanza ni kuisafisha, na programu zina vitufe vya kufuta mikwaruzo kwa sekunde chache. Nakala ya kwanza, yaani nakala mama, isiguswe. Kompyuta haijui tofauti kati ya mchakacho wa vumbi na mchakacho wa manyanga. Bendi zetu za miaka ya 1960 zilijifunza mengi kwa muziki wa Kuba, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, ilibeba uhusiano huo hadi kwenye jina. Manyanga na matoazi ndiyo yaliyoshika mwendo. Sauti hizo hukaa juu kabisa, mahali palepale kisafishio kinapokata. Unabaki na wimbo mtulivu usio na mwendo. Anayetaka kusafisha asafishe nakala ya pili. Kwa sababu hiyohiyo nakala mama isiwe MP3, mfumo unaopunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti. Iwe WAV, kwa kiwango cha biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho dakika moja ya stirio huchukua takriban megabaiti 35. Santuri ndogo 100 za dakika sita kila moja zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 32. Nafasi si kisingizio tena.

Pande zote mbili zirekodiwe, hata kama familia inaupenda wimbo mmoja. Santuri ndogo nyingi za Afrika Mashariki ziliugawa wimbo mmoja pande mbili: upande wa kwanza mashairi, wa pili magitaa yanapochanganya, chemko lenyewe. Nakala yenye upande mmoja imekata wimbo kiunoni. Lebo nayo ipigwe picha kwa mwanga mzuri, pamoja na namba zilizochongwa kwenye ukanda mtupu unaoizunguka, kwa kuwa namba hizo husaidia kutambua toleo. Kwenye lebo kuna jina la mtunzi, na mara nyingi hapo ndipo pekee alipoandikwa. Faili linaloitwa "zilipendwa 14" limemnyang'anya jina lake.

Wapo watakaosema nyimbo hizi zote ziko mtandaoni. Baadhi zipo, nami nafurahi zipo, lakini aliyeziweka anaweza kuzifuta kesho, na nyingi zimebanwa mara mbili tatu kabla ya kumfikia msikilizaji. Wapo watakaosema kompyuta haiwezi kushika joto la santuri. Hoja hii naiheshimu, na ndiyo sababu sahani isitupwe baada ya kunakiliwa. Ila kila mara inapopigwa inalika kidogo, na mwenye nakala nzuri anaweza kuipumzisha. Wengine watasema kazi hii ni ya serikali na maktaba. Ni yao pia. Mikanda ya Radio Tanzania inahitaji mitambo na wataalamu, na mwaka 2012 Tanzania Heritage Project ilianza kampeni ya kutafuta fedha ili ihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali. Lakini hakuna taasisi itakayopita nyumba kwa nyumba Kunduchi ikifungua makabati. Hoja yenye nguvu kuliko zote ni kwamba kompyuta nazo hufa, na hiyo ni kweli kabisa. Nakala moja kwenye laptopu moja ni hatari kuliko sahani. Ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayekaa mbali, Temeke au Morogoro, na zifunguliwe kila mwaka kuhakikisha zinasikika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na haki yake huendelea kwa warithi baada ya kifo. Kujinakilia sahani yako usikilize nyumbani ni jambo moja. Kuuza flashi za zilipendwa sokoni ni jambo jingine kabisa, na linawadhulumu wajane na watoto wa wanamuziki ambao wengi hawakupata kitu hata wakati wa uhai wao. Picha ya lebo yenye jina la mtunzi inaweza kuwa msaada kwa warithi wanapodai haki yao COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini. Kwa mwenye muda mdogo, zitangulie sahani za mizunguko 78 kwa kuwa huvunjika upesi, kisha santuri ndogo za lebo zisizojulikana sana, na mwisho santuri kubwa za nyota ambazo zipo kwenye nyumba nyingi. Mzee aliyezinunua akiwa kijana aketi karibu wakati wa kazi, na maikrofoni iwe wazi kwake: anajua nani alipiga solo, bendi ilipiga ukumbi gani, na wimbo ulimsema nani. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye lebo.