Mtandao Mitaani (Sehemu ya Tatu): Anwani Moja, Wateja Maelfu

Katika sehemu ya pili tulieleza kwa nini tovuti yenye wateja wengi haitegemei seva moja. Huwekewa seva kadhaa, na mbele yake kigawa mzigo, yaani programu inayopokea kila ombi na kuamua liende seva ipi. Leo tunatazama kinachokipotosha kigawa mzigo hicho. Ombi halikifikii kabla halijapita mikononi mwa mtoa huduma wa intaneti, na huko hubadilishwa anwani.

Tuanzie Kawangware, jijini Nairobi, kwenye ploti moja ya ghorofa. Fundi amefunga antena juu ya paa, waya umeteremka ngazini hadi kwenye ruta iliyopachikwa ukutani, na vyumba vyote vinatumia Wi-Fi hiyo. Ukitazama mipangilio ya simu yako utaona anwani inayoanza na 192.168. Hiyo ni ya mle ndani tu. Ruta nayo imepewa yake na mtoa huduma, na mara nyingi huwa kati ya 100.64 na 100.127. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 litumike ndani ya mitandao ya watoa huduma, kwa hiyo nalo halitoki nje. Sasa fungua tovuti yoyote inayomwonyesha mtu anwani yake. Utakuta nambari ya tatu, na mkazi wa Gatwekera, Kibera, aliyeunganishwa na mtoa huduma huyohuyo, huenda akaikuta ileile.

Chanzo ni uhaba. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Afrika ilifika mezani watu wakiwa wameshakula. AFRINIC, shirika la Mauritius linalozigawa barani, lilianza Januari 2020 kutoa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Mtoa huduma mwenye wateja wengi mitaani hana budi kuwabananisha.

Proksi, yaani seva ya kati inayoomba kurasa kwa niaba ya wateja, huongeza msongamano huo. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na watoa huduma waliweka proksi zilizohifadhi nakala za kurasa ili zisiagizwe ng'ambo kila mara. Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia 2006, hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo: seva zake ndizo zinazozichukua kurasa, huzibana, kisha humtumia mteja zikiwa nyepesi. Bando linadumu, lakini mwenye tovuti anaiona anwani ya proksi, si ya simu iliyo mkononi mwa mtu.

Basi tuseme tovuti ya maombi ya basari ina seva nne, na siku ya mwisho imefika. Kigawa mzigo chake kimepangwa kufuata anwani: huipitisha kwenye hesabu fulani, na jibu likiwa 3, ombi linakwenda seva ya tatu. Anwani hiyo ikirudi, jibu ni lilelile. Mpango huo una maana yake, kwani fomu uliyoijaza nusu imehifadhiwa kwenye seva ile, na ukipelekwa nyingine utaambiwa uanze upya. Lakini ni kama karani wa hospitali anayewapanga wagonjwa kwa ploti wanazotoka. Nyumba ya watu watatu inapata daktari, na ploti ya vyumba mia inapata daktari mmoja vilevile. Seva ya tatu inaelemewa na maombi ya mtaa mzima huku wenzake wakikaa bure. Mwombaji aliye saiba anaona duara likizunguka, halafu ukurasa unakatika, na fundi wa tovuti akitazama wastani wa seva zote nne anasema mambo ni shwari.

Kuna kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Katika miaka ya 1990 wateja wa AOL nchini Marekani walipitishwa kwenye kundi la proksi, hivi kwamba maombi ya mtu mmoja yaliweza kutokea kwenye anwani tofauti. Kigawa mzigo kilimwona kama watu kadhaa, kikamtupa huku na huku. Hali hiyo humpata pia mwenye simu anayehama kutoka Wi-Fi kwenda data katikati ya fomu: anwani inabadilika, seva inabadilika, na anatakiwa kuingia upya.

Zamani proksi iliweza kuandika kwenye ombi anwani halisi ya mteja, na kigawa mzigo kikaisoma. Siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefumbwa kwa HTTPS, na mtoa huduma aliye katikati hawezi kuongeza chochote ndani yake. Dawa iko kwa mwenye tovuti. Kigawa mzigo kimpe kila mteja kuki yake, yaani alama ndogo inayotunzwa na kivinjari chake, na kumtambua kwa hiyo. Fomu zilizojazwa nusu zihifadhiwe mahali pamoja, ili seva yoyote iweze kuendelea nazo. Mteja mpya apelekwe kwenye seva yenye kazi kidogo. Na anayefunga anwani kwa sababu imetuma maombi mengi kwa dakika moja ajue kwamba huenda amefungia mtaa, si mhalifu.

Mtihani wa dawa hiyo hauna gharama. Mfumo unaojaribiwa kwenye ofisi ya Westlands yenye anwani yake peke yake utapita kila mara. Ujaribiwe kwa simu za watu ishirini walio kwenye ruta moja ya Kawangware, wakijaza fomu kwa wakati mmoja.

Katika sehemu ya nne tutaitazama IPv6, yenye anwani za kumtosha kila mtu, na kwa nini kuwa na anwani za kutosha hakuondoi proksi.