Ngozi ya Kufunika Kidonda (4): Fundi Matofali wa Pune

Kidonda kilichopoteza ngozi nyingi hufunikwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, ya kipandikizi, ngozi hukatwa kabisa, aghalabu pajani, ikatandazwa juu ya kidonda. Katika ya pili, ya flapu, ngozi na mafuta yaliyo chini yake hugeuziwa kidondani huku upande mmoja ukiwa bado umeshikamana na mwili, damu ikiendelea kupita. Kwa majeruhi wa bodaboda wanaotajwa magazetini kila mara, wenye mfupa wa muundi ulio wazi, kuchagua njia isiyofaa kunaweza kuugharimu mguu.

Kipandikizi chembamba huchukua tabaka ya juu ya ngozi na sehemu tu ya tabaka ya ndani, ndiyo maana paja lenyewe hupona baada ya wiki mbili hivi. Kwa siku mbili za kwanza kipandikizi hakina damu yake. Huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda. Kisha mishipa midogo huungana na kuchipua, na kufikia siku ya tano hivi kinakuwa kimeshika. Damu ikivilia chini yake, usaha ukiingia, au kikiteleza kidogo tu, hufa. Kwa sababu hiyo hutobolewa matundu ya kutolea majimaji na kufungwa bandeji ya kukituliza mahali pake. Hakishiki juu ya mfupa uliovuliwa utando wake wala juu ya kano tupu, kwa kuwa hapo hakuna damu ya kukilisha.

Hapo ndipo flapu inapohitajika, nayo ni kongwe kuliko vipandikizi vya hospitali za Ulaya, vilivyoanza na Jacques-Louis Reverdin mjini Paris mwaka 1869. Maandishi ya kale ya Kihindi yanayoitwa Sushruta Samhita yanaeleza jinsi ya kutengeneza pua kwa ngozi ya shavu. Ulaya iliamshwa na barua iliyochapishwa katika jarida la Gentleman's Magazine la London, Oktoba 1794. Ilimhusu Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza, aliyetekwa katika vita vya 1792 na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, akakatwa pua na mkono mmoja. Alikaa zaidi ya mwaka bila pua, mpaka akatengenezewa mpya karibu na Pune na mtu wa jamii ya wafyatua matofali.

Fundi huyo alifinyanga pua ya nta nyembamba juu ya kigutu cha pua, akaibonyeza ikawa bapa, akailaza kwenye paji la uso na kuchora mstari kuizunguka. Alichuna ngozi kwa kufuata mstari, akaacha kishikizo chembamba katikati ya macho. Ngozi ikapinduliwa chini na kuingizwa katika mchanjo uliozunguka kigutu. Hakushona kwa uzi. Aliigandisha kwa katu, ileile iliwayo pamoja na tambuu. Kishikizo kilikatwa siku ya ishirini na tano hivi, pua ilipokuwa imepata damu ya mahali pake papya. Barua inataja majina ya mgonjwa na ya madaktari wa Bombay walioshuhudia, lakini haimtaji aliyeshika kisu, na dhuluma hiyo haijalipwa hadi leo. Joseph Carpue aliyeifuata njia hiyo London mwaka 1814 anakumbukwa vitabuni kwa jina lake kamili.

Vita Kuu ya Kwanza viliongeza flapu ya bomba, ambayo kingo zake hushonwa pamoja ili usaha usiingie. Daktari Filatov aliitumia Odessa, na daktari Harold Gillies akaieneza Uingereza kuanzia 1917. Binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Na mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao Afrika Mashariki, ndiyo AMREF ya leo.

Kuhusu muundi, theluthi ya chini ina nyama haba, na mfupa ulioachwa wazi hukauka ukafa. Ufunikwe kwa shashi safi yenye unyevu, mgonjwa afikishwe hospitali mapema. Kupaka kidonda majivu au dawa ya meno ni ujinga unaogharimu viungo vya watu. Flapu inayofaa mara nyingi hutoka nyuma ya mguu, hupinduliwa kuelekea chini, na hulishwa na mishipa iliyo karibu na kifundo, bila kuhitaji darubini ya upasuaji. Pengo inaloliacha nyuma ya mguu, likiwa pana, huzibwa kwa kipandikizi kutoka pajani.